Mtu wa Kwanza Kubaki

"We sema ndiyo tu. Neno moja. Unaogopa nini?"

"Siogopi. Nafikiri."

"Unafikiri tangu viazi vinapandwa, dada. Vimeshavunwa. Sisi tumechomelea, kamba tumevuta, upepo upo, we umekaa hapo na mashine yako unafikiri."

"Asheri, toka ofisini kwangu na hayo mabuti."

Sikutoka. Mimi ugomvi nikishauanza siwezi kuuacha katikati, ndiyo sababu hata mimi na shule ya sekondari tuliachana mapema, kila mtu akaenda zake. Nikavuta kiti, nikakaa na matope yangu, nikamwangalia Injinia Sekela. Naye akaniangalia. Yule dada hakwepeshi macho. Hicho ndicho kitu cha kwanza nilichompendea, siku ile alipofika hapa na koti la mvua kubwa kuliko yeye, akapanda nguzo mwenyewe kukagua maungio yangu, akashuka akasema mawili yarudiwe. Nikapanda kubishana, nikakuta ni mawili kweli.

Mama Chilewa, mwenyekiti wa wenye hisa, alikuwa amempa swali moja. Miji ya Nyanda za Juu inaweza kuibeba Bustani ya Upepo? Yaani Iringa, Mbeya, Njombe, Songea, na sisi Makambako tulio njia panda ya wote. Watu watakuja kila wiki, mwaka hadi mwaka, au watakuja mara moja kushangaa, halafu nyasi ziote? Akisema ndiyo, tunasimamisha tiara nyingine kumi na moja. Akisema hapana, hii moja iliyosimama inakatwa chuma chakavu, na mimi narudi kubeba magunia.

Acha niseme kuhusu hiyo moja. Makambako kuna vitu viwili ambavyo hatujawahi kuishiwa, baridi na upepo. Upepo wetu unang'oa bati. Mgeni anatembea kiubavu kama kaa. Wazee wetu waliutukana, sisi tukautukana, mpaka akina Sekela wakaja wakaushonea kitambaa. Tiara hii, yaani kishada cha kubeba watu, ni pana kama uwanja wa mpira na nyepesi kama chandarua, imefumwa kwa uzi unaojikaza wenyewe upepo ukizidi na kulegea ukipungua. Chini yake vinaning'inia viti, watu ishirini na mikanda yao. Injini hamna. Kuna kamba nne, kuna ngoma za chuma za kuzikunjia hizo kamba, kuna breki, na kwenye breki kuna mtu. Huyo mtu ni mimi. Unalegeza kidogo, tiara inavuta, na watu ishirini wanaondoka ardhini taratibu kama mvuke unavyotoka kwenye chai. Ikifika juu inaanza kuimba, mmmm, kama mtu aliyekubali jambo.

Mimi nimefukuzwa gereji, nimefukuzwa kwenye malori ya viazi, nimefukuzwa kiwanda cha mbao kwa kumwambia bosi ukweli. Kwenye ile breki nimekaa msimu mzima sijamtukana mtu. Mkono unasikia upepo kupitia chuma, ukikosea kidogo unaambiwa hapohapo. Hakuna kazi nimewahi kuipenda isipokuwa hiyo, na Mama Chilewa alishaniahidi kwamba bustani ikifunguliwa, mkuu wa breki ni mimi.

"Au kwa sababu we ni mtu wa Mbeya," nikamwambia Sekela. "Mnataka Makambako ibaki mahali pa mabasi kusimama watu wachimbe dawa."

Hiyo ilimuuma. Akainuka, akafunga mlango, akavuta pazia.

"Sogea hapa," akasema. "Ukishaona usije ukaniambia sikukufukuza."

Mashine yake inaitwa Kesho. Iko chini ya sakafu ya ile ofisi, inapoozwa na upepo wetu huohuo. Humo ndani kila mtu mzima wa Nyanda za Juu ana kivuli chake. Kimetengenezwa kwa hatua zako, simu zako, unachonunua, unayemwazima koleo, unayemkwepa njiani. Chenyewe hakijui kama ni kivuli. Kinaamka, kinaenda kazini, kinagombana na mke. Ila kule kwao muda unakimbia, mwaka mzima unapita wakati we huku unasonga ugali. Ukitaka kujua kama watu watakipenda kitu, unakijenga kwanza kule kwa vivuli, halafu unakaa unatazama. Sheria ni moja na imebandikwa mlangoni: mtu haambiwi habari za kivuli chake.

Alichonionyesha kwanza kilinisimamisha. Ilikuwa bustani yetu, imekamilika. Tiara kumi na mbili angani, rangi kumi na mbili, zote zinaimba. Foleni ilitoka getini hadi relini. Treni ya Mbeya inashusha watu, watu wa Songea wanafika na hotpoti zao za wali, bibi mmoja kafungwa mkanda huku kashikilia kilemba. Jamaa mwenye suti alishuka kwenye kiti anacheka mpaka akakaa kwenye nyasi. Mimi sikusoma, lakini najua kitu kizuri nikikiona. Yule dada aliota jambo kichwani, na watu wazima wakawa watoto.

"Huo mwaka wa tisa," akasema Sekela. "Foleni haijawahi kupungua."

"Si ndiyo hiyo. Miji inabeba."

"Inabeba. Sasa niulize imetua nini ili ibebe hiki."

Akagusa kioo. Jumamosi ileile, saa ileile, makaburi ya Uyole, Mbeya. Kaburi linachimbwa na mashine, hakuna mtu aliyeishika. Pembeni kuna mjane, watoto wawili, na mchungaji anaangalia saa. Akanipeleka Njombe, hivyohivyo. Akanipeleka Songea. Nikasema labda hao marehemu walikuwa wachawi. Hakucheka.

Kwetu huku mtu akifa, simu za mtaa mzima zinalia mlio mmoja, na unaacha ulichoshika. Fundi anashuka kwenye ngazi, kinyozi anakuacha na nusu kichwa. Wanaume wanabeba sururu, wanawake masufuria, na hakuna anayeuliza marehemu alikuwa mtu wa namna gani. Anayebaki nyuma anaulizwa swali moja tu. Wewe utazikwa na nani?

Sekela akanieleza taratibu, si kwa dharau, kama mtu anayejieleza mwenyewe. Watu wetu wanasafiri sana. Kila wikendi Iringa iko Njombe na Njombe iko Mbeya, kwa makundi, wamechangiana nauli, wamebeba chakula. Ndiyo maana wenye hisa walipoona treni zimejaa waliitamani hii kanda. Lakini zile treni zimejaa watu wa misiba.

"Jumamosi moja haikai sehemu mbili, Asheri. Bustani hii inaishi kwa Jumamosi za kuzikana. Nimetafuta nyingine, hamna."

Nikakasirika, nikamwambia basi wamechagua wenyewe, hakuna aliyewafunga kamba. Nilidhani atabisha. Akasema hicho ndicho kinachomtesa. Vivuli vinacheka kweli. Mama yake mzazi yumo mle, mzee sana, anapanda tiara kila mwezi. Yeye Sekela ni nani amwambie mama yake ashuke, aende akapulize kuni msibani kwa watu?

"Basi andika ndiyo."

"Nitaandika. Swali nililoulizwa jibu lake ni ndiyo." Akagusa kioo tena. "Lakini niliirudisha Kesho nyuma, niangalie inapoanzia. Nilifikiri nitakuta tangazo, au bei, au vijana wa mjini. Inaanzia hapa. Jumamosi ya majaribio, mlio wa msiba unalia, mafundi wote wanashuka wanakwenda. Mmoja anabaki kwenye breki. Tiara haikushuka. Hakuna aliyemlaumu, wakasema yuko kazini. Msiba uliofuata wakabaki watatu. Halafu nusu. Halafu Njombe wakasikia kwamba Makambako mtu akiwa kazini haendi."

"Nani huyo aliyebaki?"

Akayaangalia mabuti yangu.

Nikacheka, kwa sababu usingecheka hapo ungefanya nini? Nikamuuliza kama hiyo Kesho yake huwa haikosei. Akasema juu yangu haijawahi kukosea, hata leo ilijua nitakuja kumfokea.

"Ilijua na mabuti?"

"Na mabuti."

"Sasa kwa nini umeniambia? Umevunja sheria yako."

"Kwa sababu Kesho inamjua Asheri ambaye hajaambiwa," akasema. "Uliyekaa hapo simjui. Na umenitukana, nikakasirika. Mi nami ni mtu."

*

Wiki hiyo nilimpandisha shangazi yangu kwenye tiara. Shangazi Leokadia ndiye aliyenilea. Pia ndiye mkuu wa majiko katika kila msiba wa mtaa wetu, na sufuria lake linajulikana kwa jina, linaitwa Tembo, linabebwa na watu wawili. Mwiko wake mrefu kama kasia. Yule mama akisimama mbele ya moto na kanga kiunoni, hata mwenyekiti wa mtaa anauliza akae wapi.

Nilimfunga mkanda mwenyewe, nikarudi kwenye breki. Nilijua atapiga kelele. Nikalegeza, akaenda juu, kimya. Upepo ulikuwa mzuri siku hiyo, mzito na wa upande mmoja, nikampandisha mpaka akawa kidoa cha kanga nyekundu. Tiara ikaimba. Nilipomshusha hakufungua mkanda. Macho yalikuwa yanamtoka machozi, na kwa baridi ile huwezi kujua ni ya nini.

"Nirudishe tena," akasema.

Nikamrudisha.

Aliposhuka mara ya pili akaniambia kwamba ameona mapaa ya nyumba zote alizowahi kupikia, na mtu akiwa kule juu anaona zinashikana, hakuna uchochoro. Akaniambia ameona treni ikija kutoka mbali, nyembamba kama uzi wa kushonea. Akaushika mkono wangu wa breki akaugeuza huku na huku kama vile ananunua.

"Mkono huu ndio unafanya vile?"

"Ndiyo, shangazi."

"Basi Mungu hakukunyima. Mi nilikuwa nadhani amekunyima."

Tukacheka. Halafu akasema kitu ambacho sikukitegemea. Alisema misiba imemchosha. Moshi umemla macho, mgongo umekwisha, na hakumbuki mara ya mwisho ametoka nyumbani kwenda mahali kucheka tu. Alisema hivyo huku anaiangalia tiara ikijikunja, na uso wake ulikuwa wa msichana.

Nikaona hapohapo nimuulize. Nikasema, shangazi, na watu wakiacha kuja?

"Kuja wapi?"

"Msibani."

Aliniangalia kama nimemuuliza itakuwaje maji yakiacha kulowesha. Hakulielewa swali, basi. Akajifunga kanga vizuri, akaniuliza kama Jumapili anaweza kumleta na mama mchungaji.

Nikarudi kwenye ngoma zangu kupaka grisi, na nilikuwa na hasira na Sekela kuliko mwanzo. Kama angesema bustani ni mbaya ningejua la kufanya. Lakini bustani ilikuwa nzuri. Nilikuwa nimeuona uso wa shangazi.

*

Jumamosi Mama Chilewa akaja na wenye hisa wenzake, wamevaa makoti mepesi ya Dodoma, wanatetemeka. Ni mama mpole, mnene, anasalimia hadi mlinzi. Alikuwa amejifunza salamu ya kwetu, kamwene, na alinisalimia nayo vizuri kabisa. Kapanda kiti cha mbele mwenyewe, akasema kama ni kufa atangulie yeye. Tukawafunga mikanda. Sekela alisimama karibu na mimi, jibu lake anakwenda kulitoa wakishuka. Hakuniangalia. Nilikuwa na mkono kwenye breki na upepo ulikuwa unanivuta kupitia chuma, mtamu, nikisema hivyo nielewe.

Simu zikalia.

Mlio ule huwezi kuukosea. Ulitoka mfukoni mwangu, mifukoni mwa mafundi, kwenye kibanda cha mama wa chai, hadi kwa mlinzi. Jina likafuata, Luvanda wa mashine ya kusaga.

Sasa Luvanda mimi nilikuwa simpendi, naye alikuwa hanipendi. Aliwahi kunikimbiza na panga kwa sababu nilimwambia mbele za wateja kwamba pumba zake zina mchanga. Hakuna mtu Makambako ambaye ningeweza kukosa mazishi yake nikalala vizuri kuliko Luvanda. Nikafikiri, kumbe Kesho inajua kuchagua.

Mafundi walishuka. Hakuna aliyeomba ruhusa, wala siku zote huwa hakuna anayeomba. Walipanga nyundo na mashine za kuchomelea juu ya turubai, wakachukua sururu zilizokuwa zimeegemea kontena, wakaondoka kwa kundi, wengine wanavua kofia. Mama wa chai alizima jiko. Ndani ya dakika chache eneo zima lilibaki na wageni kwenye viti, Sekela, mimi, na tiara inayotetemeka kwenye kamba zake ikitaka kupanda.

Mama Chilewa akauliza kulikoni, nikamweleza. Akasema pole sana, akainamisha kichwa kidogo, na alimaanisha. Halafu akasema wao wana treni ya mchana, kwa hiyo tupande mara moja tu, nami nitawahi maziko.

Ilikuwa haina ubaya wowote. Mara moja tu.

Shangazi akatokea getini, mwenzake wa kubeba Tembo kashika upande wa pili, mwiko umelala humo ndani. Njia ya kwa Luvanda inapita palepale. Aliniona kwenye breki, akaona na wageni wamefungwa mikanda, akatua sufuria.

"Baki, mwanangu," akasema. "Luvanda mwenyewe hakuwa anakupenda. Nitawaambia uko kazini. Watakuelewa."

Alisema kwa upendo, na kwa fahari, mtu wake yuko kazini mbele ya wakubwa. Nikamgeukia Sekela. Alikuwa ameweka kiganja mdomoni. Alishayasikia maneno yale kule kwa vivuli, neno kwa neno.

Niliiangalia tiara. Nataka nieleweke hapa: sikuiona mbaya hata kidogo. Ilikuwa ndiyo kazi bora ya mikono ya watu niliyowahi kuigusa, na mikono yangu ilikuwemo. Nilimwangalia na shangazi, sufuria lile miguuni pake, limeungua chini kote. Nikafikiria siku simu zitakapolia jina lake, na mtu fulani mzuri, asiye na ubaya wowote, yuko kwenye breki anaambiwa, baki, watakuelewa.

Nikaikaza breki hadi mwisho. Nikachomoa pini yake, ile ambayo bila hiyo ngoma haizunguki, nikashuka nikaenda kuiweka mkononi mwa Mama Chilewa.

"Jumatatu, mama," nikamwambia. "Nitawapandisha mpaka mchoke."

Hakupandisha sauti. Alisema anaheshimu mila, hata kwao zipo. Lakini watu wanaolipa nauli kutoka Iringa hawawezi kukuta geti limefungwa kwa sababu mwenye mashine ya kusaga amefariki, na kwamba mikono ya kushika breki ipo mingi. Nikasema najua. Na kweli najua.

Akamgeukia Sekela. "Haya injinia, wewe ndiye wa kutuambia. Miji hii inabeba au haibebi?"

Sekela alikuwa ananiangalia mimi, kama siku ile alivyokuwa anakagua maungio, anatafuta palipo pabovu.

"Asubuhi nilikuwa na jibu, mama, na lilikuwa ndiyo," akasema. "Sasa sina. Mashine yangu ilisema huyu atabaki. Naomba nianze upya, na safari hii nijenge bustani inayofungwa simu zikilia."

"Na kama hiyo haibebeki?"

"Basi nitakuja kukuambia haibebeki."

Mama Chilewa akaigeuzageuza ile pini kiganjani, ina grisi, imemchafua koti. Mwenzake mmoja akaanza kujifungua mkanda, mwingine akamwambia angoje.

Shangazi alikuwa ameshainama kushika Tembo. Nikamwambia yule mwenzake aachie. Shangazi akaniuliza, na kazi? Nikamwambia anyanyue upande wake, tunachelewa, watachimba kaburi la kupinda wale.

Juu yangu tiara ilijikaza kwa upepo uliozidi, ikaimba mara moja ikiwa hapohapo chini. Sikuinua kichwa. Nilitupia sururu yangu begani, nikashika sikio la sufuria, nikawapa mgongo, tukaenda.